Baba Mapacha

Mke alikuwa ameinama, akimpangusa binti yao wa pekee mchanga wa ufukweni katikati ya vidole vya miguu, mhudumu wa vyumba alipoingia na taulo.

"Karibu tena, Baba Mapacha! Leo hukuja nao?"

Mume alinywea. Hoteli hii ya bei nafuu alidai aliisikia kwa watu tu.

"Umenifananisha, mama."

"Nikufananishe, na wanao walivyonilowanishia magodoro?" Mhudumu alicheka, akamgeukia mke. "Wewe lazima ni wifi yake Mama Mapacha. Sura ni ileile ya kaka yako!"

Mke aliendelea kupangusa kidole kilekile, ambacho hakikuwa na mchanga tena.

"Kaka," alisema bila kuinua kichwa, "mjibu basi. Watoto umewaacha na nani?"