Maji ya Uji

“Betri imekufa, dada! Rudi kwenye masomo yako ya ufundi ya jioni,” fundi alisema, na wateja wakaangua kicheko. Lakini ahadi ilikwisha kumtoka fundi mwenyewe: Atuganile akiiwasha pikipiki ile iliyogoma, kazi ya gereji ni yake.

Atuganile akainama, mtoto mgongoni. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga wa kijani, kama ukungu kwenye mkate wa juzi.

“Haijafa, kaka. Umeme haupiti tu.”

Akafungua chupa ya chai yenye maji moto ya uji wa mtoto. Alisita, kisha akayamimina taratibu. Unga ukayeyuka. Akapangusa kwa kanga, akakaza waya, akapaka grisi ili kutu isirudi.

Akawasha. Injini ikanguruma; akabonyeza honi, ikalia mpaka mtoto akashtuka.

Fundi akakuna kichwa.

“Kesho uje kazini na mkeka wa mtoto.”