Jina Chini ya Saruji

Hamtaamini, haki ya Mungu: mzee mzima alikimbia porini mwenyewe kwenda kunaswa na jiwe!

Mwashamba ndiye aliyeandaa mchezo wa kusaka hazina pale mjini. Mafumbo aliyaficha kwenye kichuguu, kwenye daraja la magogo, hadi kwenye mnara wa jiwe uliomezwa na vichaka, wenye majina ya watu watano waliochimba mfereji wa mji. Zawadi ilikuwa beberu. Sharti moja tu: wa kwanza asome majina yote kwa sauti.

Akatangulia kufika mnarani, alipofungwa beberu, Mzee Kilumbi, anahema, suruali imejaa mbigiri.

"Beberu wangu huyo! Nyie vijana miguu ya uji!"

"Hongera, mzee," Mwashamba akasema. "Haya, soma."

Akasoma manne harakaharaka. La tano likamkwama. Miaka yote pale palisomeka Kilumbi, ambaye hakushika jembe hata siku moja. Alilifunika kwa saruji jina la marehemu baba yake Mwashamba, akachora lake juu. Jana yake Mwashamba alikuja na patasi, akaibandua yote, jina la baba yake likatokea tena.

Watu wakafika, simu juu.

"Soma basi, mzee! Mbuzi anazeeka!"

Mwashamba akafungua kiganja. Kile kipande cha saruji kilikuwa humo, kimeandikwa Kilumbi.

"Soma la jiwe," akamnong'oneza, "au niwasomee hili."

Mzee akaweka kidole juu ya jina la marehemu. Beberu akaanza kumtafuna mkono wa shati.

Wewe ungekuwa Mwashamba, ungekifumba kile kiganja?