Masiku ya Safari Hayana Zamu

Kwa kuweka siri, mtaa mzima wa Mkomani hakuna anifikaye. Hii nimeiweka tangu jana, na tayari imenichosha.

Shukri alikuwa amekaa dakani, nje ya mlango wake, anakata mswaki kwa msumeno.

Mkewe, Bi Rumaisa, akasimama mlangoni, mkono kiunoni. "Mswaki umekukosea nini?"

"Uzito." Shukri akautupa mpini, akakiweka kilichobaki juu ya mizani ya unga. "Gramu sita. Alhamdulillahi."

Kando yake alikaa Wafula, mtu wa bara anayefundisha shule ng'ambo, Mokowe. Wawili hao walisema watatembea kwa miguu likizo ya Disemba, pwani yote, kuanzia Kipini hadi Vanga. Siku thelathini, mzigo mgongoni. Fundi wa mambo hayo ni Wafula, na sharti lake lilikuwa kilo sita, maji mbali, isizidi hata punje.

Basi kila kitu kikapanda mizani. Hema jepesi kama shela la bibi harusi. Godoro la kupuliza kwa mdomo. Jiko linaloingia ndani ya kikombe. Viatu vya ngozi vikakataliwa, vikachukuliwa vya kitambaa. Taulo likakatwa, ikabaki robo.

"Na vyako, mwalimu, viko wapi?" Rumaisa akauliza.

"Vyangu ni hivi hivi, Bi Rumaisa," Wafula akajibu, akakohoa.

Rumaisa alimtazama mumewe anavyolipapasa lile hema. Yeye mwaka mzima hajapapaswa hivyo.

Lakini hema silo lililomchoma. Shukri alikuwa na mke wa pili, Huwaida, kisiwani Pate. Siku tatu kwa huyu, siku tatu kwa yule, haki kwa haki, hata samaki alikuwa akiwapimia. Na masiku ya safari, kila mke mwenza anajua, hayana zamu. Mume akisema yuko safarini, kisha akaenda kujilalia Pate, Huwaida amejipatia masiku thelathini ya bure, na Rumaisa hana kadhi wa kumlilia.

"Umri huu, ndia yote hiyo, ya nini?"

"Ya afya," Shukri akasema.

Wafula akalivaa begi, akakaza mikanda, akazunguka daka mara tatu. "Limekaa sawa kabisa, mzee."

"Likikukaa wewe limenikaa mimi," Shukri akasema. Hata hakuinuka.

Rumaisa akaingia ndani, akatoka na leso yake mpya ya kujifunga, akaisukumiza begini. Wafula akaitoa. Rumaisa akairudisha.

"Bi Rumaisa, gramu mia mbili hizi, akifika Kilifi zitakuwa jiwe."

"Basi toeni hema, leso ibaki." Akauzamisha mkono hadi chini, na huko chini vidole vyake vikagusa leso nyingine. Ya Huwaida.

"Haki kwa haki," Shukri akasema haraka. "Nimezipima. Hazipitani hata gramu."

Wakaondoka Jumatatu.

Kila siku baada ya alasiri Shukri alipiga simu. Yeo tumelala Ngomeni. Yeo tumevuka mto, miguu inawaka moto. Akatuma na picha: mchanga, kaa, nyayo ufukweni. Uso wake haukuonekana hata mara moja. "Mpiga picha hajipigi," alisema.

Siku ya kumi Rumaisa hakuweza tena. Alivaa buibui aende Pate akamtoe mtu wake. Kabla hajafika mlangoni, mlango ukagongwa.

Alikuwa Huwaida. Hakutoa hata salamu. Alipita moja kwa moja hadi chumbani, akainama, akachungulia mvunguni mwa kitanda.

"Mtoe."

"Nimtoe nani?"

"Mume wetu. Masiku kumi unamla peke yako!"

"Mimi? Na buibui hii nimeivaa nije kumtoa kwako!"

Wakatazamana. Miaka kumi na moja ya kuoneana wivu, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, wakawaza jambo moja.

"Wa tatu," akasema Huwaida. "Na yule mwalimu ndiye kuwadi."

Wakapanda boti moja hadi Mokowe, wamekaa goti kwa goti. Kwenye nyumba za walimu walimkuta mwalimu mwenzake Wafula, Valary, anaanika nguo.

"Wafula? Si alishaenda kutembea. Alitoka peke yake na begi lake. Nyumba amemwachia mzee fulani amwangalizie kuku."

"Huyo mzee yuko na nani?" wote wawili kwa pamoja.

Valary akacheka. "Mimi sijaona mtu. Lakini kila alasiri namsikia humo ndani, mke wangu, mke wangu, sauti tamu kama asali."

Hawakumsubiri amalize. Walivua viatu, wakanyata hadi chini ya dirisha. Mara simu ikatetemeka mkobani mwa Rumaisa. Akaipokea kwa kunong'ona.

"Uko wapi?"

"Malindi, mke wangu," simu ikasema, na dirisha likasema. "Miguu imevimba, haiingii viatuni. Nimechoka mimi, nimechoka."

Huwaida akausukuma mlango kwa bega.

Chumba kizima kilikuwa na mto mmoja, sahani moja, kikombe kimoja. Kitandani alikuwa Shukri, peke yake, amejitandaza kama pweza aliyeanikwa, nyayo laini kama za mtoto ambaye hajaanza kusimama.

"Ngoja kidogo, mke wangu," aliiambia simu, macho hata hakuyafumbua. "Naona Wafula ndiyo anaingia hemani."