Bangili ya Mwantumu

Siku hizi mgonjwa wa moyo halazimiki kufanya mazoezi mwenyewe. Anavishwa bangili yeye na mtu mmoja wa nyumbani, na huyo mtu akitembea, faida yote inaingia kwenye moyo wa mgonjwa. Mtembeaji anabaki na uchovu wake.

Kwa mzee Shekue wala haikujadiliwa nani atatembea. Kila alfajiri mkewe, Mwantumu, alipanda kilima akihema, kisha akarudi kumkaangia mumewe mihogo. Mwaka haukuisha, Shekue akawa anapanda ngazi bila kushika kifua na usingizi anaulala wote. "Kumbe mazoezi ni dawa," aliwaambia wenzake kwenye kahawa.

Kisha Mwantumu akaanguka jikoni. Kliniki, muuguzi akawaeleza kwamba moyo wake nao umeumia, na bila mazoezi hautapona vizuri.

"Baba, wewe sasa una nguvu," muuguzi akamwambia Shekue. "Utatembea kwa ajili ya mama?"

Shekue akatazama viatu vyake. "Hayo mambo siyawezi, mwanangu. Atembee mwenyewe, yeye ameshazoea."

"Akitembea kwa ajili yake, wewe hupati kitu. Bangili inalisha moyo mmoja tu."

Shekue akafikiri. "Basi, mama Kihiyo," akamwambia mkewe kwa upole, "utatembea mara mbili. Uanze na yangu."

Alfajiri iliyofuata bangili ikatetemeka kumwita matembezini. Mwantumu akavaa viatu, akafungua mlango, akaketi kizingitini. Ndani Shekue alikuwa anakoroma kwa raha zake. Mwantumu akamsikiliza, wala hakunyanyuka.