Mkanda wa Hamdun

Mselem alipofika ghorofa ya tatu ya jengo moja la mtaa wa Bani Malik, Jeddah, aliukuta mlango wa Mzee Jabir u wazi kabla hajabisha hodi. Alikuwa ameendesha gari kutoka Riyadh usiku kucha na mchana wote, na mkononi alishika mkanda wa video uliofungwa kwa gazeti.

"Ami Jabir," alianza, "nimekuja na neno."

"Uso wako umekwisha kulisema," Mzee Jabir alijibu. "Lakini sheria ya nyumba hii unaijua. Kaa."

Sheria hiyo waliijua Wazanzibari wote wa Jeddah waliopenda mpira wa Kimarekani, nao hawakuzidi kumi. Mikanda iliwafikia kwa mikono ya wahandisi wa Kimarekani, wiki tatu baada ya mechi kuchezwa. Kwa hiyo aliyeyajua matokeo alipaswa kufunga mdomo mpaka mkanda uishe. Mzee Jabir, aliyekuwa mwalimu Unguja na sasa karani wa ghala katika kampuni ya Wamarekani, aliisimamia sheria hiyo kama alivyosimamia zamani safu za wanafunzi. Hata simu aliichomoa ukutani kabla ya kila mchezo. Siku hiyo pia waya wake ulikuwa umelala sakafuni.

Viti vilikuwa vimetolewa, na mikeka imetandikwa kutoka ukuta hadi ukuta. Mselem alidhani watazamaji wengine wako njiani. Kahawa ilikuwapo, halua haikuwapo.

Mzee alilifungua gazeti. Juu ya mkanda palikuwa na mwandiko alioufundisha yeye mwenyewe: *Baba, tazama mpaka mwisho, kisha tuzungumze.* Aliyatazama maneno hayo muda mrefu kuliko yalivyohitaji, kisha akautia mkanda mashineni.

Miezi miwili ilikuwa imepita tangu baba na mwana wasemezane. Ulikuwa mwaka 1979, Riyadh ikijengwa usiku na mchana kwa fedha za mafuta, na Hamdun alikuwa mpimaji wa jengo refu huko Olaya, akiishi chumba kimoja na Mselem. Kila Ijumaa alimpigia baba yake simu, na kila Ijumaa walibishana juu ya sheria ya muda wa nyongeza: mechi ikiisha sare, hurushwa sarafu, na timu itakayotangulia kupata alama ndiyo mshindi, mchezo umekwisha. Hamdun aliiita dhuluma, kwa kuwa timu yaweza kushindwa bila ya kuugusa mpira. Wa pili naye, alisema, apewe zamu yake ya kujibu. Mzee Jabir alishikilia kwamba wote walikuwa na saa nzima ya kujibu, na aliyezubaa asilalamike.

Ijumaa ya mwisho mabishano yaligeukia jambo jingine. Msimu wa nyuma ulipomalizika, timu ya jezi nyeupe waliyoipenda wote wawili ilikuwa imemwacha nahodha wake baada ya miaka kumi na miwili. Mzee Jabir aliona ni utovu wa shukrani. Hamdun aliona wamefanya sawa.

"Kila mzee, baba, hufika siku akawaachia wengine uwanja."

Mzee Jabir alidhani anasemwa yeye. "Halas," alisema, akaiweka simu chini. Sauti ya upande wa pili ilikuwa imefika "Lakini, baba," ilipokatika. Tangu hapo, kila Ijumaa simu ililia, naye aliiacha ilie.

Sasa walitazama mkanda. Nahodha mpya, kijana, aliurusha mpira mbali, ukamfikia mwenziwe kifuani.

"Kijana huyu hodari," alisema mzee. "Hamdun alisema kweli."

Mselem aligeuza uso ukutani. Kahawa yake ilikuwa imepoa, hajainywa. Kidogo akainuka, akaupeleka mkono kwenye mashine.

"Ami, tuzime kwanza. Nakuomba."

"Ameandika mpaka mwisho."

"Ami—"

"Nilikufundisha darasa la nne, Mselem. Nikisema kaa, kaa."

Mselem alikaa.

Saa ya mchezo ilimalizika kwa sare. Sarafu ikarushwa, ikawaangukia wapinzani wa jezi za buluu. Mzee Jabir alisogea mbele mpaka magoti yakakaribia kioo cha televisheni.

"Wangewapa na hawa zamu yao," alisema taratibu.

Mselem alimtazama. Katika umri wake wote hakuwahi kumsikia mzee huyu akiikosoa sheria iliyoandikwa.

Wale wa buluu walisonga hatua kwa hatua, kisha mmoja akaupiga mpira, ukapita katikati ya nguzo mbili. Basi. Vijana wa jezi nyeupe walibaki wamesimama ukingoni mwa uwanja, kofia zao mikononi, hawajaugusa mpira. Picha ikakatika, ukabaki mvumo na chembe nyeupe.

Mselem alipiga magoti juu ya mkeka. "Ami, mkanda umekwisha. Sasa niruhusu niseme."

Mzee Jabir hakugeuka. Aliweka kiganja juu ya mashine, nayo bado ilikuwa ya moto.

"Kampuni yake ilinipigia simu leo alfajiri. Najua alivyoanguka kutoka jengoni, na najua mmemzika jana alasiri." Aliuondoa mkono mashineni. "Urudishe nyuma, Mselem, mpaka pale pa sare. Hamdun bado hajanijibu."