Siku Arobaini za Bega

Nyumba ambamo kidonda cha upasuaji kiliingia usaha, hakupasuliwa mtu mwingine humo kwa miaka kumi. Ndiyo ilikuwa sheria, kwa kuwa dawa za kuua vijidudu zilikuwa zimebaki chache. Mwanahija aliijua vizuri, maana bintiye Raya angepasuliwa moyo mara tu siku arobaini za kupona bega la baba yake zikiisha.

Kila asubuhi na jioni alilisafisha bega la mumewe Shebe, fundi wa lipu aliyepasuliwa na kuungwa mshipa uliokatika kupitia matundu matatu madogo. Mikono ilimchubuka kwa spiriti. Juu ya matundu hayo palikuwa na kibandiko kilichopeleka habari hospitalini chenyewe. Kikiwa kijani, nyumba ilikuwa salama.

"Unanikosha kama maiti," Shebe alitania.

"Maiti hasemi. Nyamaza nimalize, nimechoka."

Alipoinama karibu na bega, alisikia harufu ya nazi.

"Nani kakupaka mafuta?"

"Mama. Alipita leo mchana ulipokuwa sokoni. Anasema bega halipoi bila kukandwa." Shebe aliangalia chini. "Ni mama yangu, Hija. Ningemwambia nini?"

Mwanahija alifuta mafuta, akafuta tena. Kibandiko kilikuwa bado kijani, lakini daktari alishamwambia kwamba vijidudu vya bega ni vivivu, huweza kukaa siku kumi bila kujionyesha.

"Mama," Raya aliita kutoka chumba cha pili, "zimebaki siku ngapi?"

"Kumi na moja," alisema, akachukua pamba nyingine.