Mfuko wa Udongo Safi

Shadia hakuwa akimpakata mwanawe kabla ya kuoga na kubadili nguo. Mwishowe aliona hata hilo halitoshi. Akampeleka Safina, mtoto wa miaka mitatu, kwa bibi yake mzaa mama kijijini Simbo, mbali na vumbi ambalo yeye mwenyewe alirudi nalo kila jioni.

Vumbi hilo lilitoka kwenye kiwanda cha betri kilichofungwa zamani, ufukweni, nje ya mji wa Kigoma. Kiwanda kiliacha madini ya risasi ardhini, na watoto wa jirani walikuwa wakidhoofika. Shadia na mwenzake Elia walichimba udongo na kuutia kwenye mifuko ya kupeleka maabara. Wanawake waliolima mchicha pale walinung'unika. Mmoja wao akawanyamazisha, akisema wamwache binti wa marehemu Haruna afanye kazi yake, baba yake alikuwa kibarua kiwandani humu, akalila vumbi la hapahapa mpaka likamzika.

"Ila mkitufukuza, mwanangu," alimgeukia, "tutalima wapi?"

Shadia aliinama, akaendelea kuchimba. Alikuwa amechoka hata kusema pole.

Ulibaki mfuko mmoja, wa udongo safi kutoka mahali pa mbali na kiwanda, ili mingine yote ilinganishwe nao. Elia alitaka wapande milimani kuutafuta. Shadia akasema ya nini kuhangaika, Simbo anapajua, na angepata kumwona mwanawe.

Alimkuta Safina uani, anapika ugali wa matope, mengine kayapaka mashavuni. Mtoto akamkimbilia. Shadia akarudi nyuma.

"Subiri nioge kwanza, mama."

Bibi, aliyekuwa akichambua maharage, alipoitikia shikamoo yake alicheka.

"Leo unaogopa uchafu? Ua huu ulikuwa dimbwi tupu. Baba yako ndiye aliyeujaza, kila jioni anarudi kutoka kazini na kifusi kwenye baiskeli. Na wewe ukatambaa humuhumu."

Shadia alioga, akampakata mwanawe mpaka akasinzia. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, mabega yake yalilegea. Hapa angalau palikuwa salama. Kesho yake akachimba udongo wake, akarudi mjini.

Siku matokeo yalipofika, Elia alimpigia simu. Bustani zote za kiwandani zilikuwa na risasi, kama walivyohofia. Ila kulikuwa na usumbufu kidogo, akasema, itabidi aende tena Simbo.

"Maabara wanasema tulichanganya mifuko. Wa Simbo umezidi yote."

Shadia aliketi chini, simu bado sikioni. Mifuko haikuchanganyika. Ule wa Simbo aliujaza mwenyewe, pale uani, na Safina ndiye aliyemshikia.